Mashine ya wafo nyumbani: soma wati kabla ya kutazama picha ya boksi

Mama mmoja wa Kilole anayeuza vitumbua alinisimamisha njiani juzi. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam anataka kumnunulia mashine ya wafo aiongeze kwenye biashara. Akaniuliza, aipokee au amwambie mtoto amtumie hela tu? Sikumjibu papo hapo, maana mimi mwenyewe nimeshaunguza mashine moja. Haya ndiyo niliyomweleza baadaye, na wewe msikilizaji unayewaza jambo hilo hilo yatakufaa.

Wafo ni kitu gani?

Ni mkate laini wa unga, mayai na maziwa unaookwa katikati ya vyuma viwili vya moto vyenye vinundu. Vinundu hivyo ndivyo vinavyoacha vishimo kama sega la nyuki. Nje hukauka, ndani hubaki laini. Kwenye boksi huandikwa waffle. Ukiona na neno Belgian mbele yake, ujue ni ya Kibelgiji: vishimo vyake vina kina zaidi na wafo hutoka nene.

Huko Ubelgiji, kabla ya umeme, watu walitumia vyuma viwili vyenye mishikio mirefu, wakivigeuza juu ya moto. Wafo hizo zilipata jina kubwa Marekani kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York ya mwaka 1964. Kwa hiyo mashine hii, pamoja na taa zake zote, ni ndugu wa chuma chetu cha vitumbua. Kanuni ni ile ile: chuma kishike moto kwanza, uji ufuate.

Mambo manne ya kukagua dukani

La kwanza ni volti. Umeme wetu ni volti 230. Geuza mashine usome kibandiko cha chini. Kikisema 220–240V, sawa. Kikisema 120V, hiyo ni ya Marekani, iache. Hapo ndipo nilipoharibikiwa mimi. Ndugu yangu aliniletea mashine kutoka huko, nikatafuta adapta ya plagi nikachomeka. Dakika chache tu, moshi. Adapta hubadilisha umbo la plagi, haipunguzi volti.

La pili ni wati. Mashine nyingi za nyumbani ni kati ya wati 700 na 1,200. Kwa wafo nene za Kibelgiji, tafuta inayokaribia 1,000 au zaidi. Vyuma vya kina vyenye wati kidogo huunguza nje na kuacha ndani mbichi.

La tatu ni vyuma vyenyewe. Fungua, vishike. Vizito hutunza joto, vyepesi hupoa mara tu ukimimina uji. Angalia kama vinafunga sawasawa pande zote, na kama utando wa kuzuia kushika haujachubuka.

La nne ni aina. Ipo inayolala tu, na ipo inayogeuzwa juu chini kwa mshikio. Inayogeuzwa husambaza uji vizuri kwenye vishimo vya pande zote mbili, lakini bei yake huwa juu na hula nafasi. Kwa familia, inayolala inatosha ikiwa vyuma ni vizito.

Kabla hujalipa, omba ichomekwe hapo dukani. Shika risiti, na uulize ukipata hitilafu utairudisha ndani ya siku ngapi.

LUKU itaisha?

Hesabu yake ni nyepesi. Mashine ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima bila kukata inatumia uniti 1. Wafo moja huchukua kama dakika 5, kwa hiyo wafo 10 pamoja na muda wa kupasha moto ni karibu saa moja. Familia inayopika kila Jumamosi itatumia uniti 4 au 5 kwa mwezi. Hiyo haimtishi mtu.

Kwa biashara hesabu inabadilika. Ukiwasha saa mbili kila siku, mwezi unaweza kukaribia uniti 60. Wateja wengi wadogo vijijini wako kundi la D1 la TANESCO. Kwa bei zilizoanza mwaka 2016, kundi hilo hulipa shilingi 100 kwa kila uniti mpaka uniti 75 za mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo, kabla ya kodi na tozo. Sasa jumlisha uniti 60 za mashine na taa, runinga, friji na pasi. Utavuka 75 mapema, na kila wafo inayofuata itaokwa kwa umeme wa bei ya juu.

Wenye sola ndogo ya taa na kuchaji simu, msijaribu. Haina nguvu hiyo.

Kwa nini jioni wafo hazikauki?

Saa moja hadi saa tatu usiku kila nyumba imewasha, na umeme unakuwa dhaifu. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, mashine ya wati 1,000 hutoa joto la wati kama 600 tu. Kuishi jirani na mitambo ya Hale hakusaidii hapa. Kinachohesabika ni umbali wa nyumba yako kutoka kwenye transfoma na idadi ya watu wanaoutumia umeme huo. Pika asubuhi au mchana.

Chomeka mashine moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Waya mwembamba wa kuongezea, tena ukiwa umeviringishwa, hupata moto na unaweza kuleta balaa. Usiiwashe pamoja na pasi kwenye waya mmoja. Na watoto wakae mbali, kwa sababu mfuniko wa juu nao huunguza.

Namna ya kupika

Viungo vyote vinapatikana kwenye duka la mtaani:

- unga wa ngano vikombe 2
- hamira kijiko 1 cha chai
- sukari vijiko 2 vya chakula
- chumvi robo kijiko cha chai
- maziwa ya uvuguvugu, au tui jepesi, vikombe 2 kasoro robo
- mayai 2
- mafuta ya kupikia vijiko 5 vya chakula
- hiliki kidogo

Changanya unga, hamira, sukari, chumvi na hiliki. Tia maziwa, viini vya mayai na mafuta, koroga mpaka mabonge yaishe. Funika uumuke kwa muda wa saa moja. Piga ute wa mayai peke yake mpaka utoe povu zito jeupe, kisha uchanganye taratibu kwenye uji. Povu hilo ndilo linalofanya wafo iwe nyepesi, ukilipiga kwa nguvu linakufa. Uji uwe mzito kuzidi kidogo wa vitumbua.

Ukitaka ikauke zaidi nje, toa nusu kikombe cha ngano uweke unga wa mchele.

Washa mashine ikiwa tupu na imefungwa. Subiri taa ionyeshe imepata moto, kisha ongeza dakika 2. Paka mafuta kidogo. Mimina uji katikati, usijaze mpaka ukingoni kwa sababu utapanda. Funga na uache. Mvuke mwingi utatoka pembeni. Ukianza kupungua, ndipo ufungue. Mfuniko ukigoma, usiuvute, ongeza dakika 1. Ukilazimisha, wafo itachanika katikati, nusu juu na nusu chini.

Toa kwa mwiko wa mti. Kisu na uma vinachubua utando, na ukishachubuka kila uji utashika. Weka wafo kwenye wavu au ungo safi, moja moja. Ukizibebanisha zingali moto, mvuke wake utazilainisha.

Kusafisha: chomoa, acha ipoe, futa kwa kitambaa chenye unyevu. Usiitumbukize kwenye beseni la maji hata siku moja, na usiikaribishe na steelwire.

Jibu la mama wa Kilole

Mashine ya sahani moja hutoa wafo kama 10 kwa saa. Chuma cha vitumbua chenye vishimo 7, mkono ukiwa umezoea, kinatoa vitumbua zaidi ya 50 kwa muda huo huo, na umeme ukikatika jiko la mkaa linaendelea. Abiria wa asubuhi hawasubiri dakika 5 kwa kipande kimoja. Kwa hiyo nilimwambia asiiweke mashine mahali pa chuma chake.

Lakini kama mtoto ameshainunua, asiikatae. Apike Jumamosi kwa wajukuu, apeleke chache mezani kwake, ahesabu uniti, unga na mayai, aone mteja yuko tayari kulipa kiasi gani kwa wafo moja. Zikibaki hela baada ya hesabu hiyo, aongeze. Zisipobaki, wajukuu watakuwa wamekula vizuri na chuma cha vitumbua bado kipo jikoni.