Ridgewood: Nyumba za Kupanga Zenye Dirisha Kila Chumba

Anayetafuta nyumba ya kupanga huuliza kodi kwanza, kisha maji. Dirisha hukumbukwa mwisho, mara nyingi baada ya kuhamia, taa inapolazimika kuwashwa saa sita mchana.

Jijini New York, Marekani, jambo hilo liligharimu maisha. Mwishoni mwa karne ya 19, familia nyingi za wahamiaji ziliishi katika majengo yaliyobanana, vyumba vya katikati vikiwa gizani na choo kimoja kikitumiwa na familia kadhaa. Kifua kikuu kilisambaa humo. Sheria ya mwaka wa 1901 iliagiza kila chumba kiwe na dirisha la kuingiza hewa ya nje, na kila familia iwe na choo chake. Wenye majengo waliipinga hadi mahakamani, wakashindwa.

Huko Ridgewood, mtaa ulio katika eneo la Queens, mjenzi Gustave X. Mathews alionyesha kwamba sheria hiyo haikuwa kikwazo cha biashara. Alijenga majengo ya matofali ya orofa tatu, familia mbili kila orofa, vyumba vikifuatana kama mabehewa ya treni. Bafu lilikuwa ndani, na nafasi za kupitisha hewa zilipanuliwa. Wafanyakazi, wengi wao wenye asili ya Ujerumani, waliweza kumudu kodi. Mwaka wa 1915 majengo ya aina hiyo yaliwekwa kwenye maonyesho ya kimataifa ya San Francisco kama mfano wa kuigwa.

Sehemu ya mtaa huo, yenye majengo takriban 200 ambayo mengi yalijengwa mwaka wa 1911 na 1912, imehifadhiwa kisheria tangu 2010. Watu bado wanaishi humo. Ila mwenye jengo hawezi kubadilisha sura yake ya nje bila idhini.

Hapa Kenya, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019 inamtaka kila anayejenga apate kwanza idhini ya kaunti. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au vyote viwili. Kasoro ya dirisha hurekebishwa kwa urahisi zaidi ikiwa bado iko kwenye ramani. Ukuta ukishasimama, mpangaji ndiye hubaki na giza.