Sarkoidosisi ya Tumbo: Utangulizi kwa Anayeanza

Ripoti ya ultrasaundi inasema ini limevimba, bandama lina madoa madogo mengi, na tezi za limfu zilizo kando ya mshipa mkuu wa tumbo zimekua. Mgonjwa amekonda, anachoka upesi, usiku hutoka jasho. Katika hospitali yoyote ya Afrika Mashariki daktari hataimaliza ripoti hiyo kabla hajafikiria kifua kikuu, limfoma, au saratani iliyosambaa, na ana haki ya kufikiria hivyo. Kitabu hiki kinahusu jina la nne. Aghalabu hutajwa mwisho, na mara nyingi hapo mwisho ndipo mahali pake. Shida huja lisipotajwa kabisa.

Sarkoidosisi ni ugonjwa ambao seli za kinga hujikusanya katika vifundo vidogo viitwavyo granuloma, ndani ya kiungo chochote cha mwili, bila kuonekana mdudu wala kitu kingine kinachopigwa vita. Chanzo chake hakijajulikana hadi leo. Waliouona kwanza, katika karne ya 19, walikuwa madaktari wa ngozi: Jonathan Hutchinson jijini London, kisha Caesar Boeck wa Norwei, ambaye mwaka 1899 aliona seli za ugonjwa huu zinafanana na zile za sakoma, na jina likatokana na mfanano huo. Baadaye madaktari wa mapafu wakauchukua, kwa kuwa zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa huathirika kifuani. Tumbo halikupata mwenyewe. Mtaalamu wa ini huona ini, wa figo huona figo, na mgonjwa mmoja huweza kubeba mafaili matatu yasiyowahi kusomwa pamoja.

Wapo wanaodai kwamba huu si ugonjwa wa Waafrika. Dai hilo ni gumu kulitetea, maana nchini Marekani watu weusi wameonekana kuugua takriban mara tatu zaidi ya weupe, na ini lao huguswa mara nyingi zaidi. Kwa maoni yangu, wagonjwa wetu wengi wa sarkoidosisi wamo tayari katika rejista za kifua kikuu, wamemaliza dozi na hawakupona.

Ndani ya tumbo, ugonjwa huu ni mpole kuliko picha zake. Kipande cha ini kikichunguzwa kwa hadubini, zaidi ya nusu ya wagonjwa hukutwa na granuloma, ilhali walio wengi hawana dalili yoyote ya ini. Damu ikipimwa, vimeng'enya vya njia za nyongo, hasa alkalini fosfatesi, hupanda kuliko vile vinavyoashiria kufa kwa seli za ini. Wachache tu hufikia ini kusinyaa, tumbo kujaa maji na kutapika damu. Bandama huweza kukua likameza chembe sahani. Tumbo la chakula na utumbo huguswa mara chache sana, na hapo huigiza vidonda, saratani au ugonjwa wa Crohn.

Figo ina hadithi yake, nami naipenda kwa sababu inafundisha mengi. Seli ziitwazo makrofaji, zilizo ndani ya granuloma, hugeuza vitamini D kuwa ile inayofanya kazi, na hazifuati amri zinazoiongoza figo. Kalsiamu hupanda, hujaa kwenye mkojo, mawe hujengeka. Sasa, kipimo cha kawaida cha maabara hupima vitamini D ya akiba, na hiyo kwa mgonjwa huyu mara nyingi huonekana chini. Daktari mwenye nia njema humwandikia vidonge vya vitamini D, na kalsiamu inazidi kupaa. Mgonjwa wa mawe ya figo mwenye kalsiamu ya juu na tezi zilizovimba asiruhusiwe kwenda nyumbani kwa ushauri wa kunywa maji mengi peke yake.

Tuje kwenye kiini cha jambo. Mwongozo wa American Thoracic Society wa mwaka 2020 unataka mambo matatu: hali ya mgonjwa iendane na ugonjwa, nyama iliyochukuliwa ionyeshe granuloma zisizo na sehemu iliyooza, na sababu nyingine ziondolewe. Mwanafunzi hufurahia sharti la pili, kwa sababu linaonekana kwa macho. Sharti la tatu ndilo lenye kazi. Granuloma ni jibu la mwili, na mwili hutoa jibu hilo hilo kwa maadui wengi. Granuloma za kifua kikuu zilizo kwenye ini mara nyingi hazina ule uozo wa jibini ulioko vitabuni, na rangi ya Ziehl-Neelsen kutoonyesha bakteria hakumwachii huru mshukiwa. Tuma kipande kingine kwa kipimo cha GeneXpert na kwa kuotesha bakteria. Kwa mvuvi wa Ziwa Viktoria, mayai ya kichocho cha tumbo husafirishwa na damu hadi kwenye ini na kuzungukwa na granuloma, na yai lenyewe laweza kuwa katika tabaka ambalo halijakatwa. Mwombe mwanapatholojia akate zaidi. Uliza kuhusu maziwa mabichi, kwa ajili ya brusela. Uliza dawa anazotumia. Pima Virusi vya UKIMWI, na ukumbuke kwamba sarkoidosisi yenyewe huweza kujitokeza baada ya ARV kurudisha kinga. Tezi zilizo jirani na limfoma nazo huweza kuwa na granuloma tupu, na sindano ikachoma tezi isiyo na hatia.

Kipimo cha kimeng'enya cha ACE katika damu nitakipitia upesi. Hupanda kwa wagonjwa wengi wa sarkoidosisi, lakini hupanda pia katika kifua kikuu, na hushuka kwa anayemeza enalapril. Sioni sababu ya kumlipisha mgonjwa kwa jibu litakaloacha swali palepale.

Fedha hiyo ina matumizi bora, na mengi yako nje ya tumbo. Piga eksirei ya kifua. Mpeleke kwa daktari wa macho hata kama anaona vizuri. Pima umeme wa moyo. Mvue shati utazame makovu ya zamani na chale zilizovimba upya. Ukikuta uvimbe wa ngozi au tezi ya shingoni, chukua kipande hapo, maana bandama likichomwa laweza kuvuja damu. Granuloma ya shingoni, ikiambatana na picha ya tumbo inayoendana nayo, mara nyingi hutosha kuliachia ini salama.

Kishawishi kikubwa ni kujaribu dawa. Dawa za kifua kikuu zenyewe huweza kuliumiza ini, na baada ya wiki chache hakuna ajuaye vimeng'enya vimepandishwa na nini. Steroidi ni hatari zaidi: huamsha kifua kikuu, huwapa minyoo ya strongiloidi nafasi ya kuenea mwilini, na huifanya limfoma inywee kwa muda hadi kila mtu aamini kwamba uchunguzi ulikuwa sahihi. Ila ikiwa kalsiamu haijapaa, figo zinafanya kazi na moyo uko salama, sarkoidosisi ya tumbo haina haraka. Wagonjwa wengi hawahitaji hata kidonge. Muda wa kutafuta upo, na utumike.

Sura ya kwanza inaanzia kwenye ini, kwa kuwa huko ndiko vipande vingi huchukuliwa. Asiye na mazoea ya hadubini aanze na picha za mwisho wa kitabu. Sura ya bandama ningependa isomwe baada ya ile ya limfoma, ingawa mchapishaji amezipanga kinyume.