Mita ya Karma Haijui Kawangware

Uliza mtoi yeyote amelelewa na PS za Kawangware alimaliza GTA V aje, atakuambia C. Hata hatafikiria. Hiyo gemu ilitoka 2013, na pale mwisho Franklin, mmoja wa mabeshte watatu wa hiyo stori, anawekewa njia tatu: A ammalize Trevor, B ammalize Michael, C akatae zote apambane na kila adui. Ukienda C, mabeshte wote watatu wako hai, chapaa iko, na maadui wanamalizwa siku moja. Sasa hapo umechagua nini? Hapo umebebeshwa tu.

Mimi naheshimu GTA IV ya 2008 zaidi, hata kama picha zake zimezeeka. Mhusika mkuu, mse anaitwa Niko, anafika kona mbaya: achukue dili ya doh pamoja na Dimitri, adui yake, ama amfuate amlipishe. Cousin yake Roman anamshow achukue doh, maisha isonge. Kate, dem wake, anamshow asiguse hiyo dili. Ukiskiza Roman, killer anatokea harusini na Roman anadedi. Ukiskiza Kate, harusi ni ile ile lakini Kate ndio anaangushwa nje ya kanisa. Yani mwenye amekushauri ndio anazikwa na ushauri wake. Wasee kibao wa mtaa walikuja kuskia uchungu baadaye, simu ya Niko iliponyamaza, ju hakuna tena mtu wa kumsumbua waende bowling. Gemu yote walikua wanamlenga Roman. Sasa hayuko.

Hiyo ndio misheni ya maana: kila njia inauma mtu, na hauambiwi mapema ni nani.

Na si kitu ya jana. 1985 mse anaitwa Richard Garriott alitoa Ultima IV, RPG, yani gemu ya kuishi kama mhusika, na haina shetani mkubwa wa kupiga pale mwisho. Unaimaliza ukiishi poa kwa fadhila nane, kuanzia ukweli na huruma hadi unyenyekevu. Ndani kuna wauzaji wa viungo vya uchawi, na ni vipofu. Unachukua mzigo, unajihesabia doh mwenyewe. Ukiwatoa kidogo hawasemi kitu. Hakuna karao, hakuna kelele. Baadaye sana ndio unajua gemu ilikua inakuandika, na kwa upande wa ukweli umekwama. Mama mboga wa Naivasha Road mwenye ashawahi onyeshwa meseji fake ya M-Pesa hahitaji kufunzwa hiyo misheni. Aliicheza, na alikua upande wa kipofu.

Lakini wacha tuongee kuhusu ganji, ju ganji ndio inaamua nani anapata nafasi ya kuchanganyikiwa. PS ya mtaa inauzwa kwa dakika. FIFA inaisha chap chap, Mortal Kombat chap zaidi, na mwenye kibanda anapenda hivyo ju laini inasonga. The Witcher 3 inataka kama masaa 50 kwa stori kuu peke yake. Tuseme nusu saa ni mbao. Hiyo ni ngiri mbili, na hapo haujagusa misheni za kando. Ngiri mbili inaenda mbali kwa renti ya keja ya mabati. Nani atakaa pale asome stori ya mzae wa kijiji flani kule Velen, ndani ya hiyo gemu, na watoi kumi nyuma yake wanapiga nduru anyanyuke?

Alafu kuna noma ya kusevu. Console ni moja, wachezaji ni mtaa mzima. Unaacha kijiji kikiwa hai usiku, unarudi kesho unapata mtoi flani wa grade six amesevu juu yako na kijiji kimechomwa. Ukimuuliza anakuambia alitaka tu kuona moto. Huyo ako na falsafa yake, na siwezi sema haina mashiko.

Kwa hivyo RPG Riruta inachezwa kejani, kwa lapi ya ex-UK yenye feni inalia kama posho mill, na token za stima zikihesabiwa. Undertale ya Toby Fox, ya 2015, inaingia hata kwa lapi mbovu kabisa. Hiyo inafaa ichezwe na kila mtu anapenda kurudisha sevu akikosea. Pale mwanzo kuna mathe anaitwa Toriel, anakushika mkono, anakupikia, anakukataza kutoka. Ukimuua kwa kutojua, uskie vibaya, uzime, urudi umwache hai, kuna ua linaitwa Flowey linakungoja mbele. Linakushow linajua vile ulifanya. Gemu imekumbuka kitu wewe ulidhani umefuta. Nilicheka ile ya woga, kusema kweli.

Sasa tuingie kwa Fallout 3 ya 2008, ju hiyo ina misheni mtu wa huku anaielewa kuliko mtu wa Marekani mwenye aliiandika. Iko jengo refu, Tenpenny Tower, kwa katikati ya nchi imeungua na nyuklia. Ndani watu wamevaa safi, wanakunywa, wamewekewa ukuta na walinzi wenye bunduki. Nje kuna ghoul, watu ngozi yao iliharibika na mionzi. Mmoja wao, Roy Phillips, amesimama getini akisema ako na pesa ya kulipa na bado hafunguliwi, ju ya vile anakaa. Tembea Gitanga Road kutoka Kawangware, dakika chache uko Lavington. Unajua hiyo geti. Unajua kuulizwa unaenda kwa nani hata kama umetumwa, umeoga, na namba ya nyumba uko nayo.

Unapewa njia tatu. Moja, mkubwa wa walinzi anakulipa umalize ghoul wote. Mbili, unasaidia Roy kuachilia ghoul wenye akili ilienda, wamalize kila mtu kwa jengo. Tatu, ile ya mtu mwenye roho: unazunguka nyumba kwa nyumba ukibembeleza wenyeji, wale wamekataa kabisa wanahama, wengine wanakubali, na ghoul wanaingia kwa amani. Kila mtu mwenye ashawahi zuiwa mahali anachukua ya tatu bila kufikiri. Nilichukua hiyo. Unatoka ukijiskia Mandela.

Siku chache baadaye unarudi. Binadamu wote wamekufa. Roy anakushow walikosana kidogo, na hiyo ndio maelezo yote utapata.

Watu wamekosana na hiyo misheni tangu itoke, na wengi wanasema ni ujinga, ati gemu inaadhibu wema. Mimi sikubaliani. Huo mwisho ni mkali na ni wa ukweli: mtu kuonewa hakumfanyi awe mtakatifu, na kufungua geti si kumaliza stori. Ujinga uko mahali pengine. Ukichomoa bunduki umpige Roy, baada ya hiyo mauaji yote, gemu inakukata karma, yani alama zako za wema. Wewe ndio mbaya. Kuna mita mahali imeamua kabla yako nani ni mtu wa haki, na haikufika hapo kwa jengo kuona maiti. Chomoa hiyo mita na Tenpenny Tower inakua moja ya misheni kali kuwahi kuandikwa. Iache, na inakua mwalimu wa zamu mwenye anachapa yule amemkaribia.

The Witcher 3, ya CD Projekt Red kutoka Poland, 2015, haina mita. Ndio maana inachanganya kisawasawa. Kule Velen kuna kilima na roho imefungwa chini ya mti. Inakuahidi ukiifungulia itaokoa watoi mayatima wenye wanangoja kuliwa na wachawi watatu wa kinamasi. Ukiifungulia, watoi wanapona, lakini kijiji cha Downwarren kinasambaratishwa, Anna mwenye alikua analea hao watoi anageuzwa zimwi na anakufa, na bwanake, Bloody Baron, anajinyonga. Ukiua hiyo roho, kijiji kinabaki, watoi wanapotea, Anna anaishi lakini akili imeenda, na Baron anambeba kumtafutia mganga milimani.

Huku kwetu misheni kama hii haichezwi na mtu mmoja. Mwenye lapi anashika padi, lakini kuchagua ni kwa base yote, kila mtu akipiga kelele kutoka kwa kitanda, ndoo, mlango. Nimeona hii ya mti ikigawanya keja. Wengine watoi kwanza, hakuna kuongea. Wengine wanauliza lini roho imefungwa chini ya mti iliwahi sema ukweli. Mse mmoja alitaka wangojee hadi kesho ndio wasome kwa simu nini hufanyika, akafukuzwa karibu. Alafu dem mmoja, mwenye alikua amekuja tu kuchaji simu, akauliza mbona kila mtu analilia Baron. Jamaa alikua anachapa bibi akiwa mlevi. Mimba ilitoka. Gemu inampea machozi, inampea stori ndefu, inampea hata safari ya kujirekebisha. Anna anapewa nini? Njia moja anakufa, njia ingine anarukwa na akili.

Keja ilinyamaza kiasi. Sijawahi skia mtu wa gemu akijibu hiyo swali vizuri. Magemu yanapenda kutuuliza tutafanya nini na mtu mbaya mwenye ako na uchungu. Yule alichapwa hubaki kuwa bei ya jibu letu. Kwa ploti za Kabiria, Ngando na Congo ya huku mtaani, huyo Baron ako, ana jina, anasalimiwa asubuhi, na majirani wanajua. Ukipiga simu kwa karao, ataachiliwa jioni na bibi ndio atalipa. Ukinyamaza, atalipa pia. Hakuna mtu anakuonyesha mita hapo.

Afrika Mashariki tushajaribu kuweka hizi vitu kwa gemu. Afroes, kampuni ilianzishwa na Mkenya Anne Githuku-Shongwe, ilitoa Haki, gemu ya simu, na sehemu yake ya pili iliitwa Chaguo Ni Lako, ya kuhubiri amani kuelekea uchaguzi wa 2013. Nia ilikua poa na sababu ilikua wazi: tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa baada ya kura ya 2007, na Kibera iling'oa hadi reli. Lakini amani kama jibu inajulikana kabla ushike simu. Swali ngumu ya huo wakati ilikua kwa mlango: jirani amegonga usiku, anataka kufichwa, na wewe una watoi wawili ndani na kuta ni za mabati. Kuna wasee wa hizi mitaa walifungua. Kuna wenye hawakufungua, na bado wanaishi ploti moja na hao watu.

Na kuna Lual Mayen, Msouth Sudan mwenye alikulia kambi ya wakimbizi Uganda. Mathe wake alisave miaka mitatu akapata dola 300, akamnunulia lapi. Fikiria hiyo ka misheni: wewe ni mkimbizi, una dola 300, kuna njaa, kuna magonjwa, na mtoi wako anataka mashine haina hata stima ya kuichaji karibu. Kila jirani angekuambia umepotea. Huyo mtoi alijifunza, akatengeneza gemu inaitwa Salaam, ya kukimbia vita, na 2018 The Game Awards ikamtambua. Lakini mathe hakujua hiyo siku ananunua. Angekosea pia ingekua ni upendo ule ule, na hapo ndio mita zote huchemka.

Wakenya wanajua kutengeneza. Wesley Kirinya alitupea The Adventures of Nyangi, 2007. Andrew Kaggia akaleta Nairobi X, ya kufyatua, 2015. Hata nje ya Kenya, Wacameroon wa Kiro'o wakamaliza RPG yao Aurion, 2016. Chenye nangoja ni RPG ya Nairobi yenye misheni ya kunyima mtu usingizi, na si lazima iwe na zimwi.

Nipee caretaker wa ploti, Riruta Satellite. Keja yake ni ya bure ju ya hiyo kazi. Landilodi ni cucu ako hospitali na bili inapanda, na hiyo renti ndio tegemeo lake. Namba saba ni mathe ako na deni ya miezi mitatu, na mtoi wake anaanza mtihani wa kitaifa kesho asubuhi. Kufuli mpya uko nayo mkononi. Mchezaji ana hadi saa kumi na mbili jioni, na akikaa bila kuchagua, cucu anatuma mtu mwingine.

Kama uko mahali unasomea kuandika programu na unaiva hii lugha, hiyo stori chukua bure. Ombi langu ni moja tu: mastori ya mle ndani yaandikwe na mtu mwenye ashawahi kosa renti.