Majina Mawili Juu ya Jiwe la Mugere

Kusini mwa Bujumbura, kwa anayeelekea Rumonge, lipo jiwe kubwa la Mugere lililochongwa majina ya wasafiri wa Kizungu Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni wengi huambiwa kwamba hapo ndipo Stanley alipokutana na Daktari Livingstone na kumsalimu kwa maneno yale mashuhuri. Sivyo: walikutana Ujiji. Mugere walilala siku mbili tu, wakipokewa na mtawala wa hapo, Mukamba, katika safari ya mtumbwi iliyokuwa na swali moja: je, mto Rusizi hutoka Ziwa Tanganyika au huingia humo? Walikuta unaingia, na dhana kwamba maji ya Tanganyika huenda Nile kwa njia hiyo ikafa. Wavuvi wa pale walilijua jibu tangu utotoni, ila majina yao hayakuchongwa popote.

Jiwe hilo linastahili kulindwa, lakini thamani yake isipimwe kwa umaarufu wa wapita njia. Huko Lothagam, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, wafugaji wa miaka ipatayo 5,000 iliyopita walisimamisha nguzo za mawe na kuzika pale watu wasiopungua 580. Hakuna jina hata moja. Hata hivyo, wanaakiolojia walikuta wanawake, wanaume, wazee na watoto wamelazwa pamoja na mapambo yao, bila dalili ya tabaka la wakubwa. Ushahidi huo ulikuwa udongoni. Kama wasaka mali wangetangulia kuuvuruga, nguzo zisingeeleza lolote.

Wapo watakaosema jiwe la Mugere ni sifa kwa wazungu, basi lisitunzwe. Lakini likiondoka, Mukamba naye anakosa pa kutajiwa. Afadhali kibao kando yake kimtaje yeye na habari ya Rusizi. Wengine watauliza mawe yatamfaa nini mtu anayeishi kwa ndagala na mawese. Swali ni la haki, na ulinzi usiwe kisingizio cha kumnyang'anya shamba. Kinachohitajika ni kidogo zaidi: ardhi ikaguliwe kabla ya kuchimbwa, jambo linaloendana na sheria ya Burundi ya mwaka 1983 ya kulinda urithi wa utamaduni. Haja hiyo ipo sasa: miaka ya karibuni Ziwa Tanganyika limepanda na kuzifukuza familia za Gatumba na Rumonge. Wanapojenga upya miinukoni, kila msingi unaweza kufukua vigae na majivu ya waliotangulia, na vitasalimika ikiwa fundi ameambiwa mapema amwite nani.