Katernberg: Kiunga cha Makaa ya Mawe na Usemi wa Watu Wake

Msafiri apandaye tramu nambari 107 katika stesheni kuu ya mji wa Essen, Ujerumani, akaelekea kaskazini, hupita Stoppenberg, na baada ya muda si mrefu huona mnara wa chuma wenye urefu wa meta 55 umesimama juu ya paa za nyumba. Huo ndio mnara wa shimo la 12 la mgodi wa Zollverein, na ng'ambo yake ni Katernberg, kiunga kilichozaliwa na mgodi huo. Makaa hayatoki tena. Makala haya yakusudia kueleza habari za mahali hapo, na hasa jambo lipasalo kutushughulisha sisi tufanyao kazi ya lugha, yaani usemi wa watu waliokusanywa na kazi moja, na hali ya usemi huo kazi yenyewe inapokwisha.

Kabla ya mwaka wa 1847 Katernberg ilikuwa mashamba na nyika. Mwaka ule reli ya kampuni ya Cologne na Minden ilifunguliwa kupita jirani, na Franz Haniel, mfanyabiashara wa Ruhrort aliyetafuta makaa yafaayo kufanywa koki ya kuyeyushia chuma, akaanza kuchimbisha shimo la kwanza. Mgodi akauita Zollverein, maana yake Umoja wa Forodha, kwa kukumbuka mapatano ya 1834 yaliyoondoa ushuru baina ya dola nyingi za Kijerumani. Ni jina la mtu wa biashara, wala halina dalili ya jasho. Mwaka wa 1851 makaa yakawa yanatoka.

Wenyeji hawakutosha kwa kazi hiyo, na mgodi uliokosa nyumba ulikosa watu. Kwa hiyo wenye mgodi walijenga safu za nyumba za matofali, kila moja na kibanda nyuma na kipande cha ardhi cha kulima viazi na mboga. Mbuzi aliyefugwa kibandani aliitwa ng'ombe wa mchimba makaa. Njiwa wa mashindano waliitwa farasi wa mbio wa mtu mnyonge. Lakini mkataba wa nyumba ulifungamana na mkataba wa kazi, na aliyeachishwa kazi alihama pamoja na watoto wake. Wageni wasifuo bustani zile aghalabu hulisahau hilo.

Kutoka miaka ya 1870 mpaka vita vya 1914 watu waliingia bonde la Ruhr kwa maelfu kutoka majimbo ya mashariki ya Prusia. Wengi walisema Kipolandi na walikuwa Wakatoliki. Wamasuri wa Prusia ya Mashariki nao walisema lahaja ya Kipolandi, ila walikuwa Waprotestanti na hawakupenda kuhesabiwa pamoja na Wapolandi. Kanisa kubwa la Kiprotestanti lililo sokoni Katernberg bado huitwa Kanisa Kuu la Wachimba Makaa.

Hapa ndipo lugha ilipokuwa jambo la serikali. Tarehe 25 Januari, 1899, idara ya migodi ya Dortmund ilitoa amri kwamba mfanyakazi asiye Mjerumani asiajiriwe mgodini ila awe anafahamu Kijerumani cha kutosha kupokea maagizo ya wakubwa na habari za wenzake; na anayetaka kazi ya usimamizi sharti ajue kukisoma na kukiandika. Sababu iliyotajwa ilikuwa usalama, na kwa kweli haikuwa ya kubuni. Shimoni, penye hewa iwezayo kulipuka, mtu asiyeelewa ukelele wa hatari aweza kuwaponza wenzake wote. Walakini amri hiyo ilimfungia mtu njia ya kupanda cheo hata kama mikono yake ilikuwa hodari kuliko ya nyapara wake. Mwaka wa 1908 ikafuata sheria ya vyama iliyotaka mikutano ya hadhara ifanywe kwa Kijerumani, isipokuwa katika wilaya ambazo zaidi ya asilimia 60 ya watu husema lugha nyingine. Wilaya za Ruhr hazikufikia kiasi hicho. Chama cha wafanyakazi wa Kipolandi, kilichoundwa Bochum mwaka wa 1902, kikajikuta kimekatazwa kusema na watu wake kwa lugha yao hadharani. Mimi naona hizi ni amri mbili za namna mbalimbali, na kosa la wengi ni kuzitia katika kapu moja: ya kwanza ilikuwa na hoja ndani yake, ya pili ilikuwa na hofu tu.

Baada ya vita vya kwanza wengi walirudi Poland iliyoundwa upya, na wengine wakahamia migodi ya kaskazini ya Ufaransa. Waliobaki waliacha Kipolandi katika vizazi viwili au vitatu, na baadhi yao walibadili hata majina. Hata hivyo majina ya asili hiyo yalidumu. Wachezaji mashuhuri wa Schalke, katika mji jirani wa Gelsenkirchen, walikuwa Ernst Kuzorra na Fritz Szepan, wote wawili wa ukoo wa Kimasuri.

Je, lugha ile iliacha nini? Watu wa Ruhr wenyewe hupenda kusema kwamba usemi wao umechanganyika na Kipolandi. Mfano utolewao kwanza ni Mottek, yaani nyundo, kutoka Kipolandi młotek. Neno hilo ni la kweli, lakini maneno ya jinsi hiyo ni machache sana. Heinz Menge wa Chuo Kikuu cha Bochum ameonyesha kwamba mambo mengi yasemwayo kuwa ya Kipolandi hayatoki huko. Wat na dat, mahali pa was na das, ni mabaki ya Kijerumani cha Chini kilichosemwa na wakulima kabla ya mgodi. Msomaji atakumbuka jinsi Kiswahili kilivyodhaniwa kuwa tawi la Kiarabu na watu waliohesabu maneno wasitazame sarufi. Tofauti ni kwamba kwetu wageni ndio walioshika dhana hiyo zaidi, na kule wenyeji huipenda, kwa kuwa yawakumbusha babu zao.

Neno kubwa zaidi la mgodi ni Kumpel, mwenzi wa kazini. Asili yake ni Kilatini, nayo ni mtu ale mkate pamoja nawe. Mchimbaji alikuwa Kumpel awe Mmasuri, Mwestfalia, au Mturuki aliyekuja baada ya mapatano ya 30 Oktoba, 1961. Salamu ilikuwa Glückauf, iliyoletwa kutoka migodi ya madini ya mashariki. Kaue kilikuwa chumba cha kubadilia nguo na kuogea, ambamo nguo zilivutwa kwa minyororo mpaka darini. Kipande cha gogo kilichopelekwa nyumbani ili kuwashia moto kiliitwa kigogo cha mama.

Mwenye kujua habari za Katanga ataona mfano wake. Kambi za wafanyakazi wa Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka wa 1906, nazo zilikusanya watu wa lugha nyingi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kazi na ya nyumbani. Ila kule lugha ya pamoja ilikuwa ngeni kwa karibu wote, na Katernberg ilikuwa ya jirani mwenye nguvu.

Mwaka wa 1932 shimo la 12, lililochorwa na Fritz Schupp na Martin Kremmer, lilianza kutoa tani 12,000 kwa siku. Gharama yake ilikuwa vumbi lililoganda mapafuni mwa wachimbaji, na ardhi iliyoshuka, mahali pengine zaidi ya meta 20. Kwa ajili ya kushuka huko mabomba ya maji machafu yangevunjika chini ya ardhi, hivyo mto Emscher ukafanywa mfereji wazi wa uchafu. Kazi ya kuurudisha hali ya mto ilianza mwaka wa 1992 ikachukua miaka thelathini. Pampu hazina budi kuendelea daima, ama sivyo sehemu kubwa za viunga vya kaskazini zitafurika.

Zollverein, mgodi wa mwisho wa Essen, ulifungwa tarehe 23 Desemba, 1986, na matanuri yake ya koki mwaka wa 1993. Wachimbaji wengi walihamishiwa migodi mingine au kupewa pensheni mapema. Kiunga kikabaki na ukosefu wa kazi, na mwaka ule wa 1993 kikatiwa katika mpango wa jimbo wa kusaidia mitaa yenye dhiki. Mwaka wa 2001 UNESCO iliutia mgodi katika orodha ya Urithi wa Dunia, na tangu 2010 jengo la kuoshea makaa ni makumbusho. Kaue ya mashimo ya zamani sasa ni nyumba ya ngoma na maigizo, na vigae vyake bado viko ukutani.

Mgodi wa mwisho wa makaa hayo Ujerumani nzima, Prosper-Haniel wa Bottrop, ulifungwa tarehe 21 Desemba, 2018. Jambo likiisha kabisa, watu wa Ruhr husema Schicht im Schacht, yaani zamu imekwisha shimoni, na husema hivyo hata vijana wasioona shimo kamwe. Lakini maneno ya ufundi, kama majina ya nguzo, ya miamba, na ya milio ya dari inapotaka kuporomoka, hayana mahali pa kutumika juu ya ardhi. Kijana aliyeanza kazi Zollverein kwa umri wa miaka 16 katika mwaka wake wa mwisho alizaliwa mwaka wa 1970. Baada yake hakuna aliyejifunza maneno hayo mgodini hapo, na atakayetaka kuyaandika kutoka kinywani mwa aliyeyatumia na awatafute watu wa umri wake na waliomtangulia.