Chumvi na siki haviokoi kanga ya bibi

"Chumvi vijiko vingapi, na siki kiasi gani?" Ndivyo anavyoanza karibu kila mteja anayeniletea kanga ya bibi yake ishonwe blauzi, au kaniki ya zamani igeuzwe koti fupi. Ukimkatalia, anarudi kwa mlango mwingine: basi ndimu? Naandika ili tulimalize. Hakuna kiasi. Usitie kabisa.

Kwanza tuelewane ni nguo zipi tunazozungumzia. Kwa kuwa misafara ya Tabora na Ujiji ilipita upande huu wetu, watu wengi wa Kaliua wanaamini sanduku la bati la bibi limehifadhi merikani ya enzi za mtemi Mirambo. Ni nadra mno. Merikani, pamba ile nzito isiyotiwa rangi iliyosafirishwa kutoka bandari ya Salem, Marekani, hadi Zanzibar, ilikuwa ndiyo fedha ya njiani. Ililipa hongo, yaani ushuru wa kupita, ikanunua chakula na kuwalipa wapagazi, doti kwa doti, kisha ikavaliwa mpaka ikaisha mwilini. Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 viliikata, vitambaa vya Uingereza na Bombay vikachukua nafasi yake. Kinachotoka kweli masandukuni ni kaniki, visutu, kanga za Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, za Mwatex ya Mwanza, na mashati ya wazee yenye vifungo vya gamba la chaza, pembe au shaba. Hayo nayo ni mali, na ndiyo yanayoharibiwa kwenye mabeseni.

Imani ya chumvi haifi kwa sababu ina chembe ya ukweli. Fundi anapotia pamba rangi, chumvi huisukuma rangi itoke majini iende kwenye uzi. Lakini chumvi haiifungi. Kinachoifunga ni magadi, joto au mvuke, kutegemea aina ya rangi, na kazi hiyo hufanyika siku kitambaa kinapotengenezwa. Kama kiwanda kiliikamilisha, rangi imeshika. Kama hakikuikamilisha, kijiko chako cha jikoni hakiwezi kuikamilisha miaka arobaini baadaye. Siki nayo ina kazi yake kwenye rangi za sufu na hariri, ambazo hushika penye asidi. Kanga ni pamba. Dawa ya sufu haiponyi pamba, hata ikisifiwa na shangazi zako wote.

Hapo mteja huniambia, "Lakini mimi nililoweka, na maji yakabaki safi." Naam, yalibaki safi, na hapo ndipo unapodanganyika. Maji yenye chumvi nyingi huzifanya baadhi ya rangi zisitoke kwa urahisi wakati kitambaa kimo ndani yake. Ukikitia kwenye maji matupu, rangi inatoka kama kawaida. Ikiwa kanga ni mpya, kuna jambo jingine: rangi ya ziada ambayo haikushika hutoka kwenye mifuo ya mwanzo, chumvi iwepo isiwepo. Kanga zenyewe zimekuletea kipimo, maana huuzwa mbili mbili. Chukua doti moja mpya, uikate. Kipande kimoja kiloweke kwenye chumvi na siki, kingine kwenye maji ya bomba kwa muda ule ule, kisha vyote uvifue mara tatu kwa sabuni. Vitundike pamoja kivulini, umwite jirani asiyejua kipi ni kipi, umwambie akuchagulie kilichotiwa dawa.

Kuhusu kaniki nasikitika zaidi. Kaniki za zamani zilizotiwa nili hazina hata ugonjwa huo mnaoutibu. Nili iliyokwisha kushika haiyeyuki majini. Ule ubluu unaobaki kwenye vidole ni chembechembe zinazobanduka kwa kusuguliwa. Itasugua bitana nyeupe na itasugua shingo yako, uiloweke usiiloweke. Ni tabia ya nguo, ukiishona uishone ukijua hivyo.

Kama chumvi na siki vingekuwa bure tu, nisingepoteza karatasi. Vina madhara. Siki ikisuuzwa vizuri angalau huruka, lakini ndimu haikauki ikaisha. Asidi yake hubaki ndani ya nyuzi, na ukipitisha pasi ya moto juu yake pamba inageuka njano na kukatika. Pamba iliyokaa miaka mingi sandukuni tayari ina asidi ya uzee, wewe unaiongezea. Chumvi isiyosuuzwa ikaisha hufanya punje kati ya nyuzi, na masika yakifika inavuta unyevu, unyevu unaleta kuvu.

Halafu vifungo. Watu huloweka shati zima na vifungo vyake. Gamba la chaza ni chokaa. Dondoshea kifungo chake tone la siki, ukisogeze karibu na jicho: utaona vipovu vidogo vikipanda ukingoni mwa tone. Ni kifungo chenyewe kinachoyeyuka. Kiache usiku kucha, asubuhi ule mng'ao wa waridi na kijani umekwenda, umebaki weupe mkavu kama ganda la yai, na hakuna wa kuurudisha. Shaba nayo haina salama, kwa maana chumvi na siki kwa pamoja huila hadi itoe ukijani, na ukijani huo huingia kwenye kitambaa kuzunguka tundu. Vifungo vya pembe na mfupa huvimba na kupinda vikilowa muda mrefu.

Swali la kuniuliza ni moja: uzi bado una nguvu? Shika kitambaa mahali palipokunjwa miaka yote, uvute taratibu kwa vidole gumba, kwa urefu na kwa upana. Kikilia au kikifunguka, hakishonwi blauzi. Kitandike juu ya pamba mpya kiwe mfuko, kola au pambo la mgongoni, au kiache kilivyo. Kikistahimili, bandika kitambaa cheupe chenye maji ukione kama kinachuja. Kikichuja sana, usikifue, kipunge upepo tu. Kisichochuja kifue peke yake kwa maji baridi mengi na sabuni laini, haraka, bila kuloweka wala kukamua, ukilaze kivulini. Vifungo vitoe kabla. Piga picha kanga nzima kabla mkasi haujagusa, na jina, yaani maandishi yake, usilikate. Bitana ya pamba nyepesi kila mahali, sindano nyembamba, uzi wa pamba, maana uzi wa nailoni una nguvu kuliko nguo na utaikata. Usiweke kitambaa cha zamani kwapani, kwenye kiwiko wala mahali pa kukalia. Vifungo vizito vishikie kwenye bitana, na nyuma yake uweke kifungo kidogo kipya cha kupokea mvuto. Pasi iwe ya vuguvugu, kwa upande wa ndani.

Na siki, basi, ibaki kwenye kachumbari.