Je, Wajua? Dhahabu Yaichongea Zebaki

Dhahabu si lazima iwe ya manjano. Chembe zake zenye upana wa nanomita 13 hivi (unywele mmoja ni kama nanomita 80,000) zikielea majini huwa nyekundu kama juisi ya rozela. Wanasayansi huzivisha vipande vya DNA vyenye thimini, kemikali inayoing'ang'ania zebaki. Maji yenye sumu hiyo yakiingia, chembe huvutana, zikashikana, na wekundu ukageuka zambarau au buluu. Jicho tupu linaona. Mwaka 2007, mwanakemia Chad Mirkin na wenzake, Marekani, walichapisha njia ya kupima zebaki kwa chembe hizo. Na kinaya ndicho hiki: kwa wachimbaji wadogo wa Geita, Tanzania, zebaki ndiyo inayonasa dhahabu.